Tembo wa Dukani kwa Ndeshi

Haya yote ni kweli tupu. Mzee Qamara ameapa kwa kaburi la mama yake, na hapa Karatu mtu haapi kwa kaburi la mama yake halafu akapata usingizi. Mwenye kubisha asikilize kwanza.

Qamara alistaafu udereva wa magari ya watalii akiwa na mgongo mbovu na mdomo mzima. Kila siku alikuwa na lake. Mara alimpa lifti nyumbu mgonjwa kule kreta, akampakia kiti cha mbele, na nyumbu akafunga mkanda mwenyewe bila kukumbushwa. Watu walishika mbavu. Hakuna aliyeamini, naye hakutaka aaminiwe.

Kalamu ilikuwa jambo jingine. Ndeshi, mama aliyetoka Kilimanjaro akafungua duka la vileo karibu na stendi, alimpa kazi ya kuandika daftari la matukio, maana hayo ndiyo masharti ya leseni yake: chupa iliyovunjika iandikwe, mlevi aliyetolewa nje aandikwe, mtoto aliyetumwa bia akarudishwa mikono mitupu naye aandikwe. Qamara hakukaa darasani. Herufi alijifunza kwenye vibao vya barabarani na magunia ya mbolea, kwa hiyo kila neno alilipima kama dawa. Humo hakumtia nyumbu hata mmoja. Ndipo mahali pekee ambapo neno la Qamara lilikuwa neno.

"Mdomo huu ni wa kijiji," alizoea kusema, "lakini mkono ni wa serikali."

Asubuhi moja ya masika Ndeshi alimpokea mlangoni, kikombe cha chai mkononi, macho mekundu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti yangu. Nani kafa?"

"Bora angekufa!"

Mdogo wake Ndeshi, Alex, alikuwa amepakia makreti ya bia kwenye pikapu akaenda kuyauza harusini Baray. Leseni haikuruhusu kuuza hata chupa moja nje ya duka, na afisa biashara alikuwa njiani kuja kukagua.

"Wakijua wananifungia, babu. Wanangu nitawalisha mawe?"

"Basi niandike Alex kaiba."

"Ni damu yangu! Andika tembo. Si wameshuka tena toka msituni, wamebomoa ghala la watu kule juu? Wewe ukiandika wataamini. Daftari lako halijawahi kudanganya."

"Ndiyo sababu siandiki."

Ndeshi akamshika mikono yote miwili. "Likitokea la kutokea nasimama na wewe. Hapa Karatu, baba yangu ni wewe."

Qamara hakujaliwa binti. Akaandika. Na mkono uliokaa na adabu miaka yote ukakata kamba: tembo dume alisukuma mlango wa stoo kwa paji la uso, akanywa bia yote, akapiga kwikwi, akarudi msituni akipepesuka. Ndeshi aling'oa mlango kwa mtaimbo. Qamara naye, fundi asiyeacha kazi nusu, alipanda bodaboda hadi ukingo wa msitu, akarudi na kinyesi cha tembo kwenye mfuko wa salfeti, akakimwaga nyuma ya stoo. Mvua ikakilowesha vizuri.



Afisa biashara alisoma, akasoma tena, akampigia simu mtu wa wanyamapori. Akaja Lomayani, kijana wa Endulen aliyekulia nyuma ya ng'ombe. Mlango hakuutazama. Alikipindua kile kinyesi kwa fimbo yake.

"Juu kibichi, ndani kikavu, na uyoga umeshaota. Mzee, tembo huyu alikunya Krismasi, akangoja masika ndipo aje kunywa bia?"

Watu waliokwisha kujazana wakaangua kicheko.

"Na kwenye tope lote hili, kapita bila unyayo? Alivaa soksi?"

"Nani kaandika?" afisa akauliza.

Qamara akamtazama Ndeshi, akingoja asimame. Ndeshi akakunja pindo la kitenge.

"Mimi nilikuwa kanisani, afisa. Nilirudi nikakuta mlango uko chini na huyu yuko ndani. Kazi nilimpa kwa huruma tu. Si mnamjua? Ndiye yule wa nyumbu!"

"Alifunga mkanda!" mtu akapaza sauti. Hata afisa akatabasamu. Ushahidi ulikuwa umetosha.

"Binti yangu," Qamara akasema taratibu. "Sema."

"Mzee, umezidi sasa."

Si babu tena. Mzee, kama mtu wa njiani.

Mwenyekiti wa mtaa, naye akiwa kati ya waliojazana, akaamua: bia kanywa aliyeandika uongo, amlipe Ndeshi kondoo dume, yaishe bila polisi. Afisa akaridhika, duka likabaki wazi.

Kesho yake Qamara akamkokota kondoo wake hadi dukani. Katarina, muuza vitunguu wa jirani na duka, akamwita: "Babu, wapi na huyo?"

"Nalipa bia aliyouza Alex kule Baray. Dada yake kanibembeleza niandike tembo, kisha kaniruka kimanga."

Katarina akacheka mpaka vitunguu vikamtoka mkononi. "Jamani njooni! Babu kaja na mpya! Hebu rudia."

Akarudia, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi hata punje. Wakacheka zaidi.

Mlangoni Ndeshi naye alikuwa anacheka. Mkono mmoja aliziba mdomo, wa pili akaunyoosha kupokea kamba.

Qamara akampa.