Ukuta Usiofika Juu

Tupokigwe, jirani wa upande wa migomba, anasema alimwona Tusekile kwa macho yake akiiba maziwa ya mke mwenzake. Anasema Tusekile alipanda juu ya kinu, akachungulia chumba cha Joyce, akavuta hewa kwa mdomo, akashuka kifua kimejaa. Husimulia hayo huku anamenya ndizi, wala kisu hakimtelezi.

Haikuwa hivyo. Tusekile alikuwa amelala.

Kosa lilikuwa la ukuta. Pale kijijini Nkunga kila mke ana nyumba yake na jiko lake. Lakini mwaka ule biashara ilikuwa imefunguliwa, malori ya ndizi yanafika mpaka shambani, na Anosisye, mume wao, akataka mabati kama wenzake. Mabati yakatosha paa moja. Basi akajenga nyumba moja yenye milango miwili, mke mkubwa Tusekile kushoto, mke mdogo Joyce kulia, na katikati ukuta wa matofali mabichi ulioishia usawa wa kidevu.

"Nitaumalizia kiangazi," alisema. Huko mvua haikatiki, kiangazi chenyewe ni cha kubahatisha.

Juu ya ukuta ule vilipita moshi, kikohozi na harufu ya mafuta ya Joyce. Tusekile alivizoea. Alichoshindwa kukizoea ni kicheko cha Anosisye, maana upande wake hakikuwahi kusikika. Alikisikiliza mpaka kiishe, kama mtu aliyejibanza kibarazani anangoja mvua ipite.

Kisha homoni nazo zikaanza kupita. Joyce alishika mimba, Tusekile akatapika. Joyce alichuma chai mpaka mwezi wa mwisho, miguu yake myembamba vilevile. Viatu vya Tusekile ndivyo vilivyogoma kuingia. Joyce hakufurahi.

"Dada, hata kichefuchefu unanionea wivu?" aliuliza juu ya ukuta.

"Njoo ukichukue, mdogo wangu. Ndoo iko hapa."

Wakaenda zahanati pamoja. Nesi Sia, mtu wa Moshi, aliwapima mmoja baada ya mwingine.

"Ndani ya kichwa, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama harage," aliwaeleza. "Hiyo ndiyo inayoagiza. Inamwaga homoni kwenye damu, damu inapeleka, mwili unafanya kazi. Mwili ukitosheka unarudisha jibu kwamba imetosha, tezi inapunguza. Sasa kwenu, agizo linatoka kwa Joyce, linafikia kwa Tusekile, na Tusekile ndiye anayejibu."

"Dawa yake?" aliuliza Joyce.

"Mwambieni mzee amalizie ukuta." Akaita mgonjwa mwingine.

Anosisye alisema kiangazi.

Siku ilipofika, uchungu ulimshika Tusekile. Aligaragara chini ya migomba, akauma kanga mpaka ikachanika. Joyce alikuwa anapepeta maharage. Alimwomba Tupokigwe amshikie ungo, mtoto akatoka. Wa kiume. Akaitwa Asajile. Tangu hapo watu wote wakamwita Joyce Mama Asajile, kwa kuwa mwanamke akishazaa jina lake linawekwa kando. Tusekile alibaki Tusekile, kama binti wa kutumwa maji.

Maziwa yakaja kwake. Mtoto akilia chumba cha kulia, blauzi inalowa chumba cha kushoto. Joyce alimpitisha juu ya ukuta huku amenuna, na kabla mtoto hajashiba mikono ilikuwa imeshanyooshwa kumdai.

"Mbona unamwimbia? Nimekupa anyonye tu."

"Anyonye kimya kama ndama?"

Joyce aliyatamani yale maziwa mpaka alikuwa anajikamua kwa siri na kulia. Tusekile alilitamani jina. Kila mmoja aliona mwenzake ndiye aliyependelewa.

Siku ya ubatizo mchungaji alimwita Mama Asajile mbele. Joyce alikwenda na kitenge kipya alichonunuliwa na Anosisye. Maji yalipomgusa, mtoto akalia, na Tusekile, benchi la nyuma, akalowa mpaka kiunoni. Mama mmoja akampa kanga ajifunike, kisha wakaendelea na wimbo.

Jioni ile ilikuwa zamu ya Tusekile. Alimwekea Anosisye ndizi na maharage, akaketi kwenye kigoda, mtoto kifuani.

"Baba Asajile."

"Naam."

"Nina ombi. Sitaki kitenge. Na ukuta uache hivyohivyo ulivyo."

"Sema."

"Na mimi uniite kwa mtoto. Siyo kanisani, siyo barabarani. Humu ndani tu, siku za zamu yangu. Hebu niite mara moja nisikie: Mama Asajile."

"Abee!" Joyce aliitika ng'ambo ya ukuta.

Anosisye aliinua macho, akayatazama mabati yake, ambayo mvua ilikuwa imeanza kuyapiga. Kisha akaendelea kula.