Kundi la Mwalimu Yusto

Siku ya tisa tangu pampu ya Guta igome, Bhoke Magige aliondoka nyumbani kwake Buhare asubuhi na pikipiki yake, mkoba wa vifaa mgongoni na aibu tele moyoni. Yeye ndiye fundi. Pampu inayosukuma maji kutoka kisimani hadi kwenye tangi la kijiji alikabidhiwa yeye, na sasa kisanduku kinachoiongoza kilikuwa kimejifunga. Kiliwasha namba kumi na saba kwa taa nyekundu, basi, hakikutaka mazungumzo. Kampuni iliyokitengeneza ilishafungwa zamani.

Watu wa Guta walikuwa wamerudi ziwani na ndoo zao. Mmoja wao alikuwa mama yake mzazi, Helena, mwenye miaka sitini na minane na kichwa kigumu. Siku ya nne mamba alibeba mbuzi wa jirani palepale wanapochotea. Bhoke alipopiga simu kumsihi mama asiende, alijibiwa, "Sasa tunywe nini, soda?" na simu ikakatwa.

Si kwamba Bhoke alikaa tu. Aliuliza kwenye jukwaa kubwa la mafundi mtandaoni, lenye wanachama elfu tisini na matangazo ya kila rangi. Alijisajili, akangoja siku mbili akubaliwe. Swali lake likakaa hewani nusu saa, kisha msimamizi akafuta salamu zake zote, akaandika kwamba jambo hilo lilishaulizwa, akalifunga. Alimwelekeza kwenye ukurasa wa miaka kumi na miwili iliyopita. Bhoke akaufungua mbio. Picha zote zilikuwa zimekufa, na mwenye tatizo alikuwa ameandika mwishoni, "Nimeshapata jibu, asanteni." Jibu lenyewe hakuliandika! Kama kuna watu wanaostahili kunyimwa chai maishani mwao mwote, ni hao.

Ndiyo maana alikuwa anaelekea Butiama, kwa mtu ambaye yeye Bhoke alimcheka kwa miaka.

Mwalimu Yusto alimfundisha umeme chuoni Musoma. Tangu enzi hizo alikuwa hatumii majukwaa. Alikuwa na programu yake ya kusomea makundi ya majadiliano: haina picha, haina rangi, maandishi matupu tu kama barua za serikali. Bhoke na wenzake waliiita redio ya mbao. Mwalimu alistaafu, programu hakuistaafisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Umekonda. Kaa."

Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akafungua kompyuta yake iliyokosa vitufe viwili, akaiunganisha na simu. Kufumba na kufumbua ujumbe mpya kumi na nne ulikuwa umeshuka, naye akazima mtandao papo hapo.

"Mbona unazima?"

"Nishachukua. Zimo humu ndani. Zamani nilikuwaga naenda Musoma mara moja kwa wiki, nazibeba zote kwenye disketi, nazisoma hapa polepole. Majibu naandika, wiki ijayo nayapeleka. Hilo jukwaa lako, mtandao ukikatika, una nini mkononi?"

Bhoke aliitazama simu yake. Alikuwa hana kitu.

"Na kundi hili ni la nani?" aliuliza baadaye. "Mwenyewe akilifunga je?"

"Halina mwenyewe. Ujumbe ukitoka hapa, mtambo mmoja unaupa mwingine, mwingine unaupa mwingine, mpaka kila mtu ana wake. Tulikuwaga maelfu. Siku hizi tumebaki kama kumi na mmoja."

Kumi na mmoja. Elfu tisini wameshindwa, sasa wazee kumi na mmoja? Lakini hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Akavuta kompyuta, akaandika mistari mitatu ya Kiingereza: aina ya kisanduku, namba kumi na saba, naomba msaada. Mwalimu akasoma, akatikisa kichwa.

"Umeingia kwenye boma la watu hujabisha hodi."

"Mwalimu, kule jukwaani salamu wanazifuta. Wanasema ni uchafu."

"Kule ni stendi. Huku ni nyumbani. Waambie kwanza habari za huku."

Basi Bhoke, uso ukimwaka kwa aibu, akaandika alivyoambiwa. Kwamba mvua imenyesha siku mbili. Kwamba mtamba wa Mwalimu Yusto amezaa ndama dume, mweusi, mwenye baka jeupe kwenye paji. Kwamba Mama Anastazia, mke wa Mwalimu, nyonga yake imepona na sasa anatembea mpaka kanisani bila fimbo. Kwamba anayeandika ni mwanafunzi wake wa zamani, na mama yake yuko Guta anachota maji kwa mamba. Hapo ndipo akaweka swali. Wakautuma ujumbe.

Anastazia aliwaletea ugali wa mtama na samaki furu wa kukaanga. Walikula. Saa moja ikapita, na Mwalimu akaunganisha simu tena. Ujumbe mmoja ulishuka, umesainiwa kwa herufi mbili tu, R.K.

"Huyu hajaandika miaka!" Mwalimu alisema, akavaa miwani. "Soma, soma kwa sauti."

Bhoke akasoma, akitafsiri. *Nimefurahi kusikia habari za nyonga. Mimi nilistaafu, mambo ya mota siyafuatilii tena. Nimebaki kwenye kundi hili kwa sababu moja tu: huwa nasoma habari za Butiama. Nilijua ng'ombe yule ana mimba tangu mwaka jana. Leo nimesoma habari za ndama, nikaendelea mpaka chini, nikakuta kisanduku. Binti, programu iliyomo ndani ya kisanduku hicho niliiandika mimi.*

Bhoke aliacha kusoma. Aliangalia kompyuta ile kuukuu, kisha mlango, kisha mawe makubwa ya Butiama huko nje, kama vile mtu huyo angetokea nyuma yao. Dunia nzima ina watu wangapi? Na mmoja aliyejua alikuwa amekaa kimya mahali fulani pa baridi, akingoja habari za ng'ombe. Akaogopa, uoga mtamu, wa mtu aliyeguswa bega na asimwone aliyemgusa.

"Endelea," Mwalimu alisema.

Chini yake zilifuata hatua nane, moja baada ya nyingine. Mwishoni kulikuwa na ombi. *Visanduku hivyo vyote nilivipimia mezani, kwa balbu badala ya pampu. Sijawahi kuona hata kimoja kikitoa maji. Kundi letu halibebi picha, kama ujuavyo. Kikifanya kazi, niandikie kwa maneno: yalitokaje?*

Mwalimu alimkabidhi kompyuta bila kuombwa. "Nenda nayo. Guta intaneti hakuna, lakini ujumbe umo."

Saa tisa alasiri Bhoke alikuwa amechuchumaa ndani ya kibanda cha pampu, kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu yake haina intaneti hata kidogo. Ujumbe ulikuwepo, umetulia palepale. Hatua ya kwanza hadi ya tano zilikwenda vizuri. Ya sita ilisema zima, subiri dakika kumi na mbili, usiguse. *Utadhani kimekufa. Hakijafa.* Taa zote zilizimika. Dakika ya saba mkono ulimwasha kweli kweli. Bila ujumbe ule angebonyeza, naye angekiua kabisa. Alikalia mikono yake. Dakika ya kumi na mbili taa ya kijani ikawaka.

Alimaliza hatua mbili zilizobaki, akabonyeza. Chini ya ardhi kitu kikanguruma.

Alitoka mbio hadi kwenye bomba lililo chini ya tangi. Mama yake alikuwa ameshafika, na ndoo, maana alikuwa amesikia mlio. Wakasimama wawili wakilitazama bomba, mpaka Bhoke akashindwa kuvumilia, akarudi kuchukua kompyuta. Akakaa juu ya jiwe, akaifungua magotini. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Ujumbe ungekwenda kesho, mtandao ukipatikana. Lakini maneno alitaka kuyachukua sasa, maji yangali yanatiririka.

*Yalianza kwa kukohoa,* aliandika. *Ikatoka hewa, halafu tope jekundu, halafu kidogo, halafu hayakukatika tena. Ni meupe. Yanapiga ndoo kwa sauti kubwa, watu wanakuja wakikimbia, mtoto mmoja ameingia chini ya bomba na nguo zake za shule. Mama yangu ananawa miguu. Haikuwa michafu, ananawa tu. Ile ndoo aliyochota ziwani asubuhi ameimwaga chini yote, mbele yangu. Kesho haendi.*