Kitabu Alichosomewa Mama

Lempi Karvonen alikuwa amezunguka nusu ya dunia akiiandika, lakini waliomsoma kwa makini walijua kwamba anapaandika mahali pamoja tu. Awe kwenye bandari za Ureno, awe kwenye milima ya Peru, aya ya tatu haiishi kabla hajakikumbuka Kisiwa cha Haukka, katika Ziwa Superior kule Marekani, alikozaliwa: moshi wa sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, iliki kwenye mkate wa mama yake, na maji yanayoganda Januari mpaka watu wanapitisha magari juu yake.

Machi ya mwaka 2004 kaka yake Reino alimpigia simu Chicago. Reino hakuwa mtu wa simu. Alimwambia kwamba mama yao, Saima, ambaye sasa analelewa kwenye nyumba ya wazee upande wa bara, hataki tena kumwona. Akiingia, mama anageukia ukutani. Miaka kumi na tisa Reino alikuwa amempasulia kuni, amemwogesha, amempikia uji. Kumbukumbu ilipoanza kumtoka, alimpeleka bara mwenyewe na kuhamia huko ili asiwe mbali naye.

"Anasema nilimuua baba," Reino alisema. Kisha akakata simu.

Lempi alielewa papo hapo.

Baba yao, Urho, ndiye aliyekuwa akivusha barua juu ya barafu kati ya kisiwa na bara. Kila majira ya baridi watu wa kisiwa husimika miche ya misonobari juu ya barafu kuonyesha njia salama. Asubuhi moja ya Machi 1961, Urho akiwa na haraka, alimwambia Lempi kwamba pale mlangoni mwa kijito, hatua chache kutoka ufukoni, barafu imeanza kuoza na haibebi tena mtu. Aende akaihamishe ile miche mitatu, kwa kuwa yeye akirudi kwenye ukungu ataifuata hiyo hiyo. Lempi alikuwa na miaka kumi na mmoja. Aliitikia, akarudi kwenye kiti karibu na jiko, kitabu magotini. Sura moja ikazaa nyingine. Mchana ukungu ukashuka, na Urho akaifuata miche ilivyokuwa. Hakuna aliyemuuliza mtoto kitu. Barafu huchukua watu, ndivyo kisiwa kilivyosema.

Miaka thelathini baadaye aliandika riwaya iliyompa jina. Baba akazama vile vile, miche ikasahauliwa vile vile, ila aliyesahau alikuwa mvulana wa miaka kumi na minne aliyekwenda kuteleza kwenye barafu na wenzake. Alimpa jina jingine. Nywele nyekundu na kigugumizi cha Reino alimwachia, na kisiwa kizima hakikuwa na kijana mwingine wa namna hiyo. Lempi alijiambia kwamba hadithi ni hadithi.

Kwenye nyumba ya wazee alimkuta mlezi mmoja mchangamfu, Darlene, ambaye alimweleza kwa fahari kwamba kila alasiri humsomea mama kitabu cha bintiye. Wamekimaliza mara nne. Ndicho kitu pekee kinachomtuliza.

Saima alikuwa amekaa wima kitandani, mikono juu ya blanketi. Alimtambua Lempi, akamshika kidole. Alimhadithia juu ya ile siku: Reino alivyotoka na viatu vya kutelezea vikining'inia shingoni, alivyocheka alipoitwa. Lempi aliyajua maneno hayo. Ni yeye aliyeyatafuta wiki nzima kwenye chumba cha hoteli kabla hayajamkalia sawa.

"Mama, nisikilize," alisema. "Baba alinituma mimi. Sikwenda. Nilikuwa nasoma."

Saima alitabasamu kama mtu anayemtazama mtoto mwongo lakini kipenzi.

"Wewe nawe. Tangu utotoni jambo haliwezi kupita mkononi mwako likabaki lilivyo."

"Mama, kweli. Nakuapia."

"Unamkingia kaka yako. Moyo mzuri huo. Lakini mimi nilisomewa, mwanangu. Imeandikwa."

Lempi alirudia mara ya pili na ya tatu, na kila aliporudia mama alizidi kumwonea huruma, hadi akasinzia.

Reino alikuwa amekaa kwenye benchi kwenye korido, mkate umefungwa kwa taulo kando yake, kofia magotini. Zile nywele nyekundu zilikuwa zimebaki chache na za majivu. Lempi alikaa karibu naye, akamwambia kwamba amejaribu. Kisha akamwuliza kama alikuwa anajua.

"N-nilikuwa uani napasua kuni," Reino alisema. "Nilimsikia akikutuma."

"Na hukumwambia mtu? Miaka yote?"

"Ulikuwa mtoto. Nilinyamaza ili upate usingizi." Aliigeuza kofia mikononi. "Sikujua kwamba utaamka uniandike mimi."

Lempi, yeye aliyekuwa akiishi kwa maneno, alimwomba radhi tu. Reino alisema radhi aipeleke mle chumbani kama itaingia.

Saima alifariki mwishoni mwa Aprili, uso umeelekea ukutani, kwa kuwa Reino alikuwa ameingia kumuaga. Siku ya mazishi, kanisani kisiwani, watu wakiwa wamejaa mpaka mlangoni, Lempi alisimama na kusema mbele ya wote nani aliyetumwa siku ile na nani aliyebaki kwenye kiti. Alisema bila kupamba. Aliposhuka, wanawake wazee walimzunguka, wakampapasa mkono, wakasema si kila kaka amejaliwa dada wa kumbebea mzigo namna hii. Mmoja alimwambia kwamba angeliandika hili pia, lingekuwa zuri.

Alimtafuta Reino kwa macho. Kwenye kahawa waliyoandaliwa waombolezaji hakuwepo. Alitoka nje akateremka hadi gatini, akakuta feri imeshang'oa nanga, pikapu ya Reino iko juu yake, na yeye ndani, mikono kwenye usukani kana kwamba bado anaendesha. Feri nyingine ilikuwa ya saa kumi. Lempi alibaki gatini amesimama, na kila aliyepita kurudi nyumbani alimpa pole.