Maandishi ya Chini

Siku ya Alhamisi Mishi Abdillahi aliacha kazi akaenda kusali alasiri, na aliporudi mezani akakuta sentensi aliyoiandika imebadilika.

Chumba chake kiko ghorofani, mtaa wa Shela, Malindi, kina feni moja na dirisha linaloangalia kamba ya nguo za jirani. Mezani palikuwa na kompyuta, kikombe cha kahawa ya tangawizi na mahamri mawili, la pili limeumwa. Mishi alikuwa amesomesha Kiswahili miaka ishirini na sita kabla ya kuingia kazi ya manukuu, yaani yale maandishi meupe yanayopita chini ya picha ili asiyeijua lugha ya msemaji asiachwe nje. Babake ni mtu wa Mambrui, mamake Mgiriama, kwa hivyo lugha zote mbili kwake ni za nyumbani. Kanuni zake hakumvunjia mtu: mistari miwili, herufi zisizozidi arobaini kwa mstari, na maandishi yasikae zaidi ya sekunde sita. Mwenye maneno mengi shauri yake.

Filamu aliyokuwa akiiandikia iliitwa Mvi. Aliitengeneza Kache Thoya, msichana wa Ganze, pamoja na wanawake peke yao, tangu mshika kamera mpaka dereva. Ilimhusu Hawe Kanze. Hawe ni bibi kwa Kigiriama, na huyu alikuwa bibi aliyefukuzwa kwake Ganze na ukoo wa marehemu mumewe kwa madai kwamba ni mutsai, mchawi. Ushahidi wao ulikuwa nywele zake, ambazo zilikuwa nyeupe. Wenziwe wa rika lile hujipaka dawa nyeusi kichwani ili wasishukiwe. Yeye alikataa, akasema kichwa ni chake na mvi ni zake. Sasa alikuwa na mwaka wa pili katika makao ya wazee nje ya Malindi, na katika filamu nzima alitaka jambo moja tu: arudi nyumbani kwake kabla ya masika, alime, na siku yake ikifika azikwe kando ya mumewe.

Sentensi iliyobadilika ilikuwa ya Kambi, mjukuu wa shemeji yake Hawe Kanze, anayekaa kwenye shamba lile hivi sasa. Kambi anasimama mbele ya kamera na shati lake la kaki, anasema kwamba hawe wao wanampenda sana na kwamba walimwondoa kwa usalama wake mwenyewe. Mishi alikuwa ameandika hivyo hivyo. Sasa palikuwa pameandikwa: Tunalitaka shamba

Lililomuudhi ni kwamba nukta haikuwapo. Akaifuta sentensi, akaandika upya ile ya kwanza, akashuka kununua maziwa. Aliporudi akakuta: Tunalitaka shamba. Safari hii nukta ilikuwapo. Akaifuta tena, ikarudi tena. Alipoikagua kwa makini hakuona kosa lolote la sarufi, basi akamalizia hamri lake na kumpigia Kache simu.

Kache alifika Ijumaa asubuhi kutoka Kilifi. Wakakaa wawili kuipitia filamu tangu mwanzo. Maneno ya Kambi yalikuwa yamebadilika yote. Majirani waliosema kwamba usiku wa kufukuzwa bibi hawakuona kitu, chini yao palisomeka: Tuliona, tukafunga mlango. Shangazi mmoja aliyelia kwa kwikwi alikuwa ameandikiwa kwamba alipewa mbuzi. Maneno ya Hawe Kanze yalikuwa mistari mia tatu na nne, na hata mmoja haukuguswa. Alichokisema mdomo wake ndicho kilichoandikwa, herufi kwa herufi.

Wakafika mahali ambapo Kache mwenyewe anasikika nyuma ya kamera, sauti tamu, akimwambia bibi asiogope, filamu hii itamsaidia. Chini palisomeka: Nahitaji filamu hii.

Kache akairudisha nyuma, akaisoma tena. Uso ulimshuka, na Mishi akamwonea huruma, kwa maana msichana huyu alilala njaa kwa ajili ya filamu ile na wala hakuwa mtu mbaya. Mishi akamwambia kwamba wakitaka wanaweza kuikata sehemu hiyo.

"Iache," Kache akasema. "Nikikata yangu, ya Kambi nitayaachaje?"

Filamu ikaonyeshwa Jumamosi, saa tisa za mchana, ukumbini Kibarani, katika wiki ya filamu za wanawake. Juma lile walikuwa wameshaonyesha ya msichana mwendesha bodaboda na ya wake wenza wawili waliogombea kuku. Watu walicheka, wakaenda zao. Hii ilikuwa na shughuli nyingine ndani yake. Kache alikuwa ameandika karatasi inayosema kwamba Hawe Kanze anarudi kwake na hakuna atakayemgusa, na amemwalika Kambi aje aitie sahihi mbele ya watu. Mgeni rasmi alikuwa mkubwa fulani wa serikali, mwenye tumbo na fimbo.

Hawe Kanze aliketishwa mbele, na leso mpya waliyomvika wasichana wa kamera. Kusoma hakujua, lakini filamu ilikuwa kwa lugha yake, hakuwa na haja ya kusoma. Mishi aliketi ubavuni mwake. Filamu ikapita, watu wakasoma. Hakuna aliyeshangaa. Mama mmoja nyuma aliwasomea wenziwe kwa sauti, wakamwambia apunguze mwendo. Yule shangazi wa kwikwi alikuwapo pia. Alipojisoma alisema tu kwamba mbuzi mwenyewe alikuwa mgonjwa.

Taa zikawashwa, Kambi akaitwa. Akasimama, akamwamkia kila mtu kwa heshima, akasema kwa Kiswahili fasaha kwamba familia imeguswa mno, kwamba damu ni nzito kuliko maji, kwamba mlango wa hawe wao uko wazi na yeye mwenyewe ataufagia. Alipofungua kinywa maandishi yakatokea mbele yake, usawa wa mshipi, meupe yenye ukingo mweusi: Nyumba yake nilishaibomoa.

Waliokaa nyuma yake waliyaona kinyumenyume, wakahama viti. Ukumbi mzima ukasoma. Hawe Kanze, aliyesikia tu, akatabasamu, akaushika mkono wa Mishi na kumwambia kwamba kijana huyu alikuwa na adabu tangu utotoni, alipotoshwa tu na wenziwe.  Mishi aliona haya mpaka masikio yakamchoma.

Mgeni rasmi naye akapanda. Alizungumza dakika ishirini na tano juu ya kuwatunza wazee, na chini ya tumbo lake palikaa maneno mawili, Sitafanya kitu, muda wote huo, bila kujali kanuni ya sekunde sita. Alipomaliza akapigiwa makofi, tena ya nguvu. Mtu akishasema, si vizuri kumnyima makofi.

Ni Purity peke yake, kibarua wa mashamba ya chumvi huko Marereni, aliyenyoosha mkono. Mikono yake ilikuwa imechanika kwa chumvi na sauti yake haikuwa na haraka.

"Mimi nauliza, kwa kuwa tumesoma sote," akasema. "Huyu bibi anarudi lini?"

Mgeni rasmi akamshukuru kwa swali zuri, akamjibu kwamba jambo hilo linashughulikiwa katika ngazi zinazohusika. Chini pakabadilika: Harudi. Purity akasema amesikia, akaketi. Kisha Kambi akaitia sahihi karatasi kwa mwandiko mzuri wa kuringa, na chini yake pakaandikwa Karatasi tu. Wakapigwa picha wote, Hawe Kanze katikati ameishika karatasi yake kwa mikono miwili. Pilau ikapakuliwa.

Filamu ikazunguka: Malindi, Marereni, Mambrui, kila mahali wiki moja. Popote ilipopita maandishi yalibaki nyuma, na watu wakayazoea kama walivyozoea umeme kukatika. Sokoni muuza maembe aliapa kwamba ni ya leo, na mnunuzi akainama kidogo kusoma kabla ya kuweka kwenye kikapu. Posa mbili zilivunjika Mambrui, na moja iliyokuwa imekwama ikafungwa, maana kumbe kijana alikuwa akipenda kweli. Mafundi wa cherehani walishona mashati marefu ya kufika magotini. Maandishi yakashuka, yakakaa miguuni. Wako waliopunguza kusema. Wengi waliendelea kama zamani, kwa sababu aliyedanganya na aliyedanganywa wote wamesoma, na maisha lazima yaende.

Kambi alikata mikorosho ya marehemu, akatayarisha shamba. Wapita njia walimwamkia, naye akawaitikia vizuri, akawaambia analima kwa niaba ya hawe. Chini yake palikuwa na Hili ni langu sasa. Walisoma, wakamtakia mvua njema, wakapita. Kache aliipeleka ile karatasi katika ofisi tatu, na katika zote alipokewa kwa ukarimu. Katika ya tatu walimwambia waziwazi kwamba hawezi kulalamika kuwa hakuambiwa, kwani kila kitu kilikuwa kimeandikwa.

Mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya upande wa bara, Mishi akaenda kwenye makao ya wazee. Kache alikuwa amesafiri na filamu, na kabla ya kuondoka alimwomba Mishi amweleze bibi ukweli, kwa kuwa yeye mwenyewe alijaribu mara mbili akashindwa. Mishi aliahidi. Njia nzima aliyapanga maneno, akayafupisha, akayapunguza mpaka yakaenea mistari miwili.

Alimkuta Hawe Kanze barazani, amekaa kwenye kigoda, kichwa kimenyolewa pembeni na juu kimeachwa cheupe. Mlangoni palikuwa na mfuko uliofungwa kamba, jembe bila mpini limechomoza.

"Shikamoo, hawe."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunichukua?"

Pale pale mistari miwili yote ikamtoka Mishi kichwani. Alivuta kigoda, akakaa mkabala naye, magoti karibu yagusane. Akamwambia asiwe na wasiwasi. Akamwambia Kache anahangaika usiku na mchana, filamu imefika Nairobi na karibu itafika ng'ambo, wakubwa wataiona na mioyo italainika, karatasi ina sahihi na mihuri mitatu, na mambo ya sheria ni polepole lakini hufika. Akamwambia inshallah atarudi, kama si masika haya basi vuli, na shamba lake litamngoja. Aliyasema kwa mapenzi, na aliposikia sauti yake mwenyewe alikaribia kuyaamini.

Hawe Kanze hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama magotini mwake. Kusoma hakujua, lakini miezi ile ameona watu wengi wakisema mbele yake, na macho alikuwa nayo.

"Umesema mengi, mwanangu," akasema. "Na hapo pameandikwa kidogo. Hebu nisomee."

Mishi angeweza kusoma lolote, bibi asingejua. Miaka ishirini na sita alikuwa amewasomea watoto wa watu, na leo akajaribu kuzunguka.

"Ni neno moja tu, hawe."

"Lisome."

"Hutarudi."

Alipolitamka, maandishi hayakubadilika. Mdomo na magoti vilikuwa vinasema kitu kimoja. Hawe Kanze akatazama ule mfuko mlangoni, kisha akauliza nyumba, na Mishi akamwambia nyumba imebomolewa. Akauliza mikorosho, na Mishi akamwambia. Akauliza kaburi, Mishi akasema hajui, na chini pakaandikwa Sijui. Machozi yalikuwa yanamtoka Mishi. Bibi alikuwa mkavu.

Baadaye Hawe Kanze akauliza kama Mishi anaweza kulirudia lile neno la kwanza. Mishi akalirudia, likaandikika tena magotini.

"Na 'utarudi' huandikwaje?"

"Ni hilo hilo, hawe. Huondolewa herufi ya mwanzo tu."

"Ni ipi?"

Mishi akamwonyesha. Hawe Kanze akakisogeza kigoda, akaweka kidole gumba juu ya ile herufi, kwenye goti la Mishi, akakikandamiza. Herufi ikapanda juu ya ukucha wake. Akaondoa kidole, akaifunika kwa kiganja kizima. Herufi ikaja ikakaa mgongoni mwa mkono, nyeupe, kati ya mishipa. Akaitazama kwa muda.

"Ni herufi moja tu," akasema kwa Kigiriama, na chini yake, kwa Kiswahili, pakaandikwa hivyo hivyo.