Spika za Sifael

Gari la umeme la mama lilizimika Himo, tukiwa njiani kwenda Mwika kuweka msalaba kwenye kaburi la kaka yangu, Sifael. Msalaba nilikuwa nimeupakata.

Fundi Basili alikuja na pikipiki. Alifungua boneti, kisha buti, akakuta spika mbili kubwa na amplifaya.

“Nani amefunga haya madude?”

“Kaka yangu,” nikasema.

“Mwambie yamemaliza betri ndogo. Kompyuta ya gari ikikosa umeme wa kutosha inazima kila kitu. Niyatoe?”

Sikumwambia kwamba hakuna wa kuambiwa. Sifael aliyafunga siku mbili kabla ya kuugua. Alisema gari lisilonguruma linatembea kama mwizi wa ndizi, na lazima Mwika nzima isikie mama akipandisha. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa alikuwa ameshika usukani, anatazama mbele.

“Mama, tunaweza kukodi gari lingine,” nikasema. “Hili tuliache hivi hivi.”

“Watu wanatusubiri,” akajibu. “Toa, baba,” akamwambia Basili.

Basili akakata waya, akaipa betri ndogo umeme kutoka betri aliyokuja nayo. Taa za dashibodi zikawaka.

“Limewaka?” mama akauliza.

“Limewaka, mama,” Basili akajibu.

Tulipofika, shangazi alikuwa akifagia uani, ametupa mgongo. Gari lilisimama nyuma yake kabisa. Hakugeuka mpaka nilipofungua mlango.