Usingizi wa Sajini Ogwang

Saa kumi na mbili asubuhi, katika chumba chao cha kupanga Kamwokya, Aol alikuwa akipiga pasi shati la kiraia la mumewe wakati paka alipoingia dirishani na usingizi mdomoni. Alikuwa ameushika kwa ngozi ya shingo, kama paka wabebavyo watoto wao. Akauweka juu ya kifua cha Sajini Ogwang, aliyekuwa macho tangu saa nne usiku, na sajini akapata dakika kumi za kulala kabla ya kwenda kazini.

Ilikuwa wiki ya tatu. Ogwang akianza tu kukoroma, paka humpanda, humkanda kifua kwa miguu ya mbele, akauchomoa usingizi na kutoka nao. Walimfungia stoo, akapita ukutani. Walimpeleka soko la Nakasero ndani ya gunia, akawatangulia kufika nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu walimlisha dagaa kwa mikono yao wenyewe.

Usiku mmoja Aol akamfuata. Hakwenda mbali: mlango wa pili tu, kwa Nelima, mama wa Kikenya aliyewauzia chai mafundi wa simu. Alimkuta amelala fofofo, na Aol akautambua usingizi wa mumewe kwa mkoromo wake. Nelima hakuwa amelala tangu Februari, siku watu wasiovaa sare walipomtoa mwanawe Ochola kwenye kibanda chake cha simu na kumtia ndani ya gari lisilo na namba. Kikosi cha Ogwang nacho hakikuvaa sare. Aol alilia pale mlangoni, kwa aibu zaidi kuliko huruma.

Asubuhi akaenda kuomba radhi.

"Pole, Mama Ochola. Hii paka yetu iko nasumbua wewe."

"Hanisumbui. Sasa ninalala," Nelima alisema, akikoroga chai. "Lakini, Mama Lanyero, huo usingizi unakuja na ndoto zake."

Akamweleza. Ndotoni alikuwa ameketi kiti cha nyuma cha gari, na mikono yake ilikuwa mikubwa, yenye saa ya Ogwang. Ochola alikuwa kando yake, amevaa kiatu kimoja, magoti yao yakigusana. Walikwama kwenye foleni ya Ntinda, kisha wakafika kwenye geti jeusi. Hapo ndipo paka alipokuja kuchukua mali ya watu.

Jioni Ogwang mwenyewe alikwenda kwa Nelima. Alikaribishwa kiti, hakukaa.

"Afande, ndani ya hiyo geti kuna nini?"

"Mimi hapana jua, mama. Mimi naishia kwa geti."

"Na Ochola aliishia wapi?"

"Ndani iko watu ingine ya kazi hiyo."

Ilikuwa kweli, na haikumfaa mtu. Mlinzi wa geti lile alikuwa Okidi, waliyepitia naye mafunzo na aliyemsimamia harusi. Swali moja tu kwa Okidi, na mama wa watu angejua kama ana mtoto au ana kaburi. Ningependa kusema kwamba Ogwang aliuliza. Alikuwa na mke, watoto shuleni na woga mwingi, na hakuuliza wiki ile wala mwezi uliofuata.

Watu huzoea. Aol akaacha kufunga dirisha. Ogwang akajifunza kusinzia kazini, na wenzake wakamtania kwamba ameoa mke wa pili.

Siku moja saa moja jioni, mwanga ukiwa bado upo, Nelima alibisha hodi. Alikuwa amebeba kikombe cha maziwa moto, amekifunika kwa kisahani.

"Afande, leo lala mapema," alisema. "Jana foleni ya Ntinda ilikuwa fupi. Tulifika kwa geti kabla sijamwambia Ochola kitu."

Ogwang alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa maziwa yote. Kisha akavua viatu vyake, vyote viwili, akavipanga chini ya kitanda na kujilaza. Paka alikuwa ameshapanda.

Asubuhi gari lisilo na namba likaja kumchukua kwenda kazini. Likapiga honi mara moja, naye akatoka na shati lake lililopigwa pasi.