Maumivu ya Kizazi Kurudi

Saa sita mchana, mkunga wa wodi ya wazazi alifuta mikono kwa aproni, akafungua kibati cha wino, akaanza kugonga kadi za wagonjwa. Mhuri ulisomeka: MAUMIVU YA KIZAZI KURUDI – KAWAIDA. Matroni ndiye aliyeuchongesha, kwa sababu vitanda vilikuwa kumi na vinne na mkunga mmoja kwa zamu. Anayetaka kushangaa jambo katika habari hii, ashangae hilo.

Maneno ya mhuri yalikuwa ya kweli. Mwanamke akishajifungua, kizazi hujikaza ili kirudi kilivyokuwa, na mtoto anaponyonya hujikaza zaidi. Waliozaa mara nyingi huumia kuliko wenye uzazi wa kwanza. Mkunga akitaka uhakika huweka kiganja chini ya kitovu, akabonyeza: kizazi kikiwa kigumu kama chungwa bichi, mambo ni shwari, kikiwa laini, damu inajikusanya ndani na hakuna muda wa kupoteza. Mkunga huyu alilijua hilo fika. Wazazi walimpachika jina la Bi Vumilia, maana hakuwa na dawa nyingine mdomoni. Yeye mwenyewe hakuwahi kuzaa.

Kwenye kitanda namba sita alilala fundi cherehani aliyejifungua asubuhi ile, uzazi wa kwanza. Alimshika mkunga aproni.

"Dada, tumbo linanikata vibaya. Hii siyo ile mliyotuambia."

"Vumilia, mdogo wangu. Ni kizazi kinarudi."

Akagonga mhuri, akaenda kitanda cha saba. Hakumbonyeza. Kufika saa tisa alasiri fundi cherehani alikuwa amefariki.

Kesho yake, saa kumi alasiri, fundi cherehani alikuja kumwona mtoto wake. Mlinzi wa mlangoni alimwambia avue viatu kama wageni wengine. Alipoona hana, akamruhusu, na kwenye daftari akaandika "mama mzazi". Mtoto alibakizwa wodini kwa kuwa uzito wake ulikuwa mdogo. Bibi yake, mama wa marehemu, alikuwa akimnywesha maziwa kwa kikombe. Alipomwona binti yake alisogea ampishe.

"Umechelewa, mwanangu."

"Njia ndefu, mama."

Fundi alimpakata mtoto, akamnyonyesha. Mtoto aliposhika titi tu, Bi Vumilia, aliyekuwa akitandika shuka upande wa pili, alijipinda akashika ukingo wa kitanda. Tumbo lilimkata chini ya kitovu, likaachia, likakata tena, kwa kila funda. Mtoto aliposhiba, likatulia. Fundi alimfunika mwanawe, akaaga. Ikawa hivyo kila siku, na mtoto akaongezeka uzito.

Siku ya nane bibi alimfuata mkunga mezani, kadi ya binti yake mkononi.

"Mama mkunga, mimi sikusoma, ila hii nimesomewa. Wameandika kawaida. Sasa kawaida inauaje mtu? Huyu mjukuu wangu akikua ataniuliza mama yake alikufa na nini. Nimjibu kawaida?"

Bi Vumilia aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alichukua kalamu, akaukata mhuri kwa mstari mmoja, akaandika chini yake: "Alilalamika saa sita. Sikumbonyeza tumbo. Amekufa kwa kuvuja damu." Akatia saini. Kisha akalia bila kujificha, na bibi akamshika bega, jambo lililomuuma kuliko tumbo.

Matroni aliisoma kadi asubuhi. Hakukasirika.

"Kadi yenye mikato haipokelewi huko juu," alisema. "Na yaliyopita si ndwele. Tugange yajayo."

Akatoa kadi mpya, akanakili jina na tarehe kwa mwandiko mzuri, akagonga mhuri. Ile ya zamani akaichana vipande vinne. Siku mtoto alipotimiza uzito wa kwenda nyumbani, bibi alikabidhiwa kadi safi. Aliitia mkobani, akambeba mjukuu wake, akatoka. Saa kumi ya siku ile mlinzi hakuandika mgeni wa kitanda namba sita.

Fundi alikuwa amemfuata mwanawe nyumbani. Lakini maumivu hayakuhama. Kila alasiri yalimkuta Bi Vumilia alipo, naye akajua kwamba huko aliko mtoto ananyonya. Kwenye zamu yake alianza kubonyeza kila tumbo, moja baada ya jingine. Kwenye zamu nyingine mhuri uliendelea na kazi, na matroni aliununulia kibati kipya cha wino.

Mwezi wa tatu tangu kifo kile Bi Vumilia aliomba mapumziko ya siku mbili. Utaratibu ulitaka mfanyakazi naye afunguliwe kadi. Aliijaza mwenyewe: maumivu, chini ya kitovu, kila siku saa kumi. Penye idadi ya uzazi aliandika: sijazaa. Matroni aliipokea huku akiongea kwa simu, akagonga mhuri, akamrudishia.

"Vumilia, dada," alisema, kiganja kikiwa kimefunika simu.

Bi Vumilia alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa kumi kasoro dakika mbili. Alirudi wodini, akashika ukingo wa kitanda namba sita, akasubiri mtoto ashike titi.